Nani Atarusha Siku ya Tano

Kila mwaka, msimu wa besiboli unapofika katikati na wachezaji kupewa siku chache za kwenda kuwaona wake zao na mama zao, Orrin Veldkamp hukata nyasi za uani, hula mahindi mabichi ya kuchemsha mpaka siagi imchuruzike kidevuni, kisha hulala mchana bila haya. Mwaka huu hakukata nyasi. Zilikatwa na Denny Koslowski, na hapo ndipo ilipokuwa shida.

Orrin alikuwa kocha wa warushaji wa Wasagaji, timu ya Harlow Falls, mji wa Iowa ambao vinu vyake vya nafaka unaviona kabla hujaona kanisa lolote. Haikuwa timu ya wakubwa. Ligi yao ilikuwa ya waliotemwa na timu kubwa na wale ambao timu kubwa hazijawahi kuwatazama mara mbili, na wachezaji walilala katika nyumba za watu wa mjini, mmoja huku, wawili kule. Majira ya baridi Orrin alitengeneza mashine za kukaushia mahindi. Kiangazi kazi yake ilikuwa kuamua nani atapanda lile tuta la katikati ya uwanja na kurusha mpira tangu mchezo unapoanza, na nani atasubiri pembeni mpaka mwenzake achoke. Waanzishaji ni watano, wanapokezana. Ukisharusha siku yako, unaupumzisha mkono mpaka wenzako wanne wamalize, ndipo zamu inakurudia.

Mmoja wa hao watano alikuwa Denny, na Denny alikuwa akilala katika chumba cha chini cha nyumba ya Orrin. Alifika humo kiangazi cha kwanza akiwa na begi moja na masharubu machanga, akaendelea kurudi kila mwaka hata mashavu yakaanza kulegea. Ndiye aliyemfundisha binti yao kuendesha gari. Mama mkwe wa Orrin, yaani mama yake mkewe Marjean, alipofariki, Denny alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Sasa wengi wa rika lake walikuwa makocha wa shule, au wanauza matrekta, na yeye bado anarusha. Ila tangu mwezi wa sita mipira yake ilikuwa ikipigwa mpaka nje ya ukuta, na watu wa jukwaani walianza kunyamaza akipanda tuta, kimya kile cha watu wenye huruma, ambacho mchezaji hukiogopa kuliko zomeazomea.

Kocha mkuu, Gil Arceneaux, mtu wa Louisiana mwenye sauti ya kuitia mifugo, alikuwa amemshika Orrin begani siku ya mwisho kabla ya mapumziko. Walikuwa wamefungwa mara nne mfululizo. Mvua ilikuwa imevuruga ratiba, kila mrushaji alikuwa akirusha siku isiyo yake.

"Orrin, nataka zamu mpya," alisema Gil. "Panga upya kabisa, kama vile msimu unaanza kesho. Na usinipangie kwa roho nzuri."

"Lini nimewahi kukupangia kwa roho nzuri?"

"Mimi simtaji mtu," alisema Gil, akaenda zake.

Kwa hiyo asubuhi ya pili ya mapumziko Orrin alikuwa mezani jikoni, amepanga chupa mstari mmoja kama askari. Chupa ya pilipili ilikuwa Tuck Ballard, mrushaji wa mkono wa kushoto. Huyo lazima aanze, kwa sababu timu ya kwanza baada ya mapumziko ilikuwa na wapigaji wanaowanyanyasa wanaorusha kwa mkono wa kulia. Wa pili awe yule mwenye mipira ya polepole, ili wapigaji waliozoea kasi ya Tuck wazungushe gongo mapema na kupiga hewa. Wa tatu ni Hollis Brandvold, chupa ya sosi ya nyanya, mkali kuliko wote. Wengine wangemweka wa kwanza, lakini alikuwa amerusha siku ile ya mwisho kabisa, na Orrin alitaka mkono wake ulale vya kutosha. Wa nne hakumpa taabu.

Wa tano ilikuwa chupa ya haradali. Kando yake, nje ya mstari, alikuwa ameweka kopo dogo la chumvi. Haradali ni Denny. Chumvi ni Yeison Paredes, kijana wa Kidominika aliyekuwa akiingizwa mwishoni mwa michezo, mwenye mpira unaopita kama umechelewa mahali. Orrin alikuwa akilivuta kopo la chumvi mstarini, analirudisha, analivuta tena.

Marjean alisimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. "Unajua jibu, wewe."

"Najua."

"Basi mwambie."

"Marjean, mtu anapaka rangi ngazi zangu muda huu! Hakuombwa! Nimwambie nini, asante kwa rangi, na huna tena nafasi?"

"Mwambie rangi ikishakauka."

Kabla hajamjibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia Denny mwenyewe, viganja vimejaa rangi ya kijivu. Akakata mkate, akaweka vipande vya nyama, akatazama mezani, akaichukua ile chupa ya haradali kutoka mstarini na kuikamulia mkate wake.

"Mnafanya nini na hizi chupa?" aliuliza huku anatafuna.

"Nasafisha meza," alisema Orrin.

Denny akatoka na mkate wake, na haradali akaondoka nayo. Marjean ilibidi aende kusimama mbele ya friji, mgongo umegeuka, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Orrin alijaribu kumwambia mchana wakiwa uani. Wakaishia kuzungumza juu ya fuko wanaochimbua nyasi. Alijaribu tena jioni, penye nyama ya kuchoma. Alishafungua kinywa, Denny akamwekea kipande kinono kuliko vyote kwenye sahani, akasema, "Kula, mzee, umekonda kwa mawazo." Orrin alikula. Kesho yake, wachezaji waliporudi kwa mazoezi, aliingia ofisini kwa Gil na mpangilio ambao haradali bado ilikuwa ya tano.

Gil aliusoma akiwa amesimama. Tuck wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Yule wa mipira ya polepole, Hollis wa tatu. "Hapa umetumia akili. Wataona kasi, kisha usingizi, kisha kasi tena." Alipofika mwisho, aliikunja karatasi na kumrudishia.

"Huyu wa tano kampanga kocha wangu au kampanga mwenye nyumba?"

Orrin aliikunjua karatasi, akaikunja tena.

"Mimi nampenda Denny," alisema Gil, sauti ameishusha kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Nampenda kweli. Lakini ana mechi tatu sasa hamalizi raundi ya nne kati ya tisa, na sisi wengine tunakaa pale tunamtazama akiumia. Hiyo ndiyo roho nzuri? Nenda uongee naye. Mimi ningeweza kumwambia, lakini akisikia kwangu hatakusamehe wewe."

Orrin alitoka. Denny alikuwa mbali kule kwenye nyasi za nyuma, peke yake, anakimbia taratibu kando ya ukuta. Orrin alivuka uwanja mzima jua likimchoma kisogo, na alipomfikia alikuwa amesahau maneno yote aliyoyapanga.

"Denny. Kuhusu zamu."

"Kabla hujasema," alisema Denny, "niache mimi niseme kwanza."

"Hapana, ngoja, mimi ni..."

"Orrin, tafadhali. Nikikuacha uanze sitaweza." Alivua kofia, akaikunja mkononi. "Najua umenipigania. Mwezi wa tano Gil alitaka kuniacha, na wewe ukasimama. Najua hata leo umetoka kunitetea humo ndani, nakuona usoni. Lakini mimi siwezi tena kuanza. Usinipange. Nilitaka kukuambia tangu juzi, nikaishia kupaka ngazi rangi."

Orrin alimtazama. Kisha alianza kucheka, kicheko kibaya cha puani ambacho hakikuwa na adabu hata kidogo, mpaka akalazimika kushika ukuta.

"Nini?" alisema Denny. "Nini cha kuchekesha?"

"Nilikuja kukutoa! Siku mbili nimeshindwa kukuambia, we mwanaharamu, na wewe unakata nyasi zangu!"

"Nilikata ili unionee huruma unapopata habari!"

"Na mimi nilikula nyama yako ili usijue!"

Sasa walicheka wote wawili, na wachezaji waliokuwa wakijinyoosha katikati ya uwanja waligeuka kutazama. Ilichukua muda. Kisha Denny alijifuta macho kwa mkono wa kulia, na Orrin akaona kwamba vidole viwili vya mwisho havikukunjika kama vingine.

"Hivyo vidole vina nini?"

Denny akaushusha mkono. "Vinakufa ganzi. Raundi ya tatu hivi, vinaanza. Ya nne siusikii mpira."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita! Na hukusema?"

"Ningesema ungenipumzisha. Nikipumzishwa katika umri huu, nani ataniita tena?" Alitazama tuta kule mbali, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka. "Nilitaka kiangazi kimoja zaidi tu."

Orrin alivitazama vile vidole. Alikuwa amewahi kumjua mrushaji mmoja, zamani, aliyekufa ganzi vidole hivyohivyo; ikaonekana damu imeganda kwenye mshipa wa bega, na nusura apoteze mkono. Furaha yote iliyomjaa muda mfupi uliopita ilimwagika. Alimkamata Denny mkono, akamvuta mpaka kwenye gari, angali na nguo zake za mazoezi, viatu vyake vya meno vikigonga lami.

Hospitalini walimchukua ndani. Daktari, mwanamke mrefu mwenye miwani kichwani, alimbonyeza kiwiko, akamwinua mkono, akamshika shingo, akauliza kama mkono huwa unavimba au unakuwa baridi. Denny alisema wakati mwingine. Daktari akaacha kutabasamu, akaagiza picha za mishipa ya damu. Orrin aliambiwa asubiri nje.

Alikaa. Marjean alifika na mikate iliyofungwa kwenye karatasi, akaketi karibu yake. Akamfungulia mmoja.

"Nilikuwa nikiona mipira yake inaanguka katikati, pale mpigaji anapoipenda," alisema Orrin. "Nikafikiri ni uzee. Kazi yangu ni kuangalia mikono ya watu, Marjean. Anakula mezani kwangu kila siku."

"Anaficha vizuri," alisema Marjean. "Mimi ndiye ninayempa uma na kisu, na mimi pia sikuona. Kula mkate."

Orrin hakula. Alihesabu maua kwenye pazia, akayapoteza, akaanza upya. Hatimaye mlango ulifunguliwa akatoka daktari, na Denny nyuma yake akiwa na sura ya mtu aliyekosea basi.

"Mishipa ya damu ni mizima," alisema daktari. "Bega halina neno. Ni neva ya hapa kwenye kiwiko, inabanwa. Hiyo baridi aliyosema, nimemdadisi vizuri, ni ya barafu anayojiwekea baada ya mechi."

"Barafu," alisema Orrin.

"Aliuliza kama unakuwa baridi!" alijitetea Denny. "Ukiweka barafu si unakuwa baridi?"

Marjean alimpiga kichwani kwa mkate, kisha akamkumbatia. Daktari alieleza kwamba apumzike wiki kadhaa, afanye mazoezi atakayoonyeshwa, na neva ikitulia anaweza kurusha tena, kidogo kidogo, raundi moja, si zaidi. Orrin aliitikia kila neno kwa kichwa. Kisha alisema anakwenda kunawa mikono, akaingia chooni, akafungulia bomba, akasimama pale maji yakitiririka mpaka mtu akagonga mlango.

Jioni ile alimpigia Gil. "Wa tano ni Yeison. Lakini mkono wake haujazoea safari ndefu, usimtegemee kupita raundi ya nne. Andaa wa kumpokea. Na Denny usimwache. Akipona atafaa kumaliza michezo, raundi ya mwisho tu. Na kabla hajapona, akae na Yeison."

"Nani anasema hayo, kocha au mwenye nyumba?"

"Wote wawili. Wamekubaliana."

Upande wa pili wa simu Gil alicheka kwa sauti ya kuitia mifugo, mpaka Marjean akaisikia kutoka sebuleni.

Walishinda siku ya kwanza kwa mkono wa kushoto wa Tuck. Ya pili walipoteza, kwa kuwa wapigaji wale hawakulala usingizi kama ilivyopangwa. Hollis aliwafunga midomo siku ya tatu, na wa nne alipata ushindi wa kuokotaokota. Siku ya tano Yeison alipanda tuta akiwa amekauka midomo, akawapa wapigaji wawili wa kwanza njia ya bure kwa kukosa shabaha. Denny aliyekuwa amekaa kwenye benchi alisimama, akapiga mbinja, akajigusa kifuani mara mbili: pumua. Yeison akapumua. Mpigaji wa tatu alizungusha gongo mpira ukiwa umeshapita.

Kila raundi ilipokwisha, kijana alirudi kukaa pembeni ya Denny, na Denny alimwinamia sikioni kwa Kihispania kibovu, huku Yeison akimsahihisha maneno. Alimaliza raundi ya nne. Gil alimtazama Orrin, Orrin akamtazama Denny, Denny akakubali kwa kichwa: bado anaweza raundi moja. Akamaliza na ya tano. Alipotoka watu walisimama, na yeye hakujua afanye nini na kofia yake mpaka Denny alipomwinua mkono.

Njiani kurudi nyumbani madirisha ya gari yalikuwa wazi, na harufu ya mahindi mabichi iliingia kutoka mashambani. Denny alikaa nyuma, ameegemea katikati ya viti vyao viwili, akibisha kwamba Yeison angefika hata raundi ya sita.

"Asingefika," alisema Orrin. "Bega lilishaanza kushuka."

"Halikushuka!"

"Lilishuka. Safari hii nilikuwa natazama."

"Marjean, mwambie mumeo."

"Mimi nilikuwa nanunua karanga," alisema Marjean, akawapitishia mfuko.