Udongo wa Bangkok, udongo wa Houston

Leo nimemzika mama kwa video ya simu, nikiwa pakingi ya kazini, hapa Stafford, pembeni ya Houston. Shifti ilikuwa karibu kuanza.

Corona imefunga safari, jamani. Kaka yangu, mwalimu huko Bangkok, naye alikuwa kwenye video hiyohiyo.

Mchungaji akaita watoto wa marehemu waje watupe udongo kaburini.

Watoto wenyewe ni sisi wawili, tuko kwenye simu.

Basi akajitokeza jirani aliyekuwa akimuuguza mama. Alihamia pale sisi tukiwa tumeshaondoka. Akachota udongo, akatupa: "Huu ni wa Bangkok." Akachota tena: "Huu ni wa Houston."

Watu wakaitikia amina.

Majina yetu hakuyataja. Nadhani hayajui, maana mama alikuwa akijivunia miji tu.

Na nyie mlio mbali, nyumbani bado mnaitwa kwa majina?