Mfuniko wa Sufuria

Siku hizi ukumbi ule unauza magodoro. Ukipita utayaona yamepangwa mpaka pale palipokuwa na jukwaa, na mlangoni kijana mmoja anapiga kelele za bei. Lakini wenye umri wao wanaukumbuka ulipokuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, na wanamkumbuka Mama Tiketi, aliyesimama mlangoni pale miaka ishirini na sita akichana tiketi na kuonyesha watu viti.

Mama Tiketi hakuhitaji kutazama jukwaa ili ajue mchezo unakwendaje. Aliusoma kwa masikio. Watu wakichoka, hukohoa. Wakinogewa, viti huacha kulia. Mchezo ukiisha vibaya hutawanyika kama kuku walioona mvua. Ukiisha vizuri husimama nje wakizibiana njia, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kwenda kwake.

Mwaka mmoja ukaletwa mchezo wa askari aliyerudi kutoka vitani, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Askari yuko mezani, mkewe anapakua chakula, mara mfuniko wa sufuria unaanguka, kwangala! Askari anajitupa chini ya meza. Jumamosi ya kwanza ukumbi mzima uliangua kicheko. Fundi cherehani wa duka la jirani alijipiga mapaja mpaka kofia ikamdondoka.

Mama Tiketi hakucheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye kitanda hicho alikuwa akikitandika kila siku. Kaka yake mkubwa alikwenda vitani akiwa kijana mwenye maneno kama cherehani, akarudi baada ya miaka sita hana hata sentensi ya akiba. Walimwita Fundi Saa, kwa kuwa alijifunza kutengeneza saa, kazi isiyotaka nyundo wala mazungumzo. Aliishi kwa dada yake, chumba cha uani. Na humo nyumbani dada mtu alitia vitambaa katikati ya mifuniko, akafunga mpira kwenye komeo la mlango, akawafundisha wanawe kukohoa kabla ya kumfikia mjomba wao kwa nyuma. Hakumwambia kaka yake neno, na kaka yake hakuuliza.

Jumamosi ya pili muuguzi mmoja alitoka katikati ya mchezo, akaegemea ukuta, akaomba maji.

"Unaumwa, mwanangu?" Mama Tiketi akamuuliza.

"Siumwi, mama. Baba yangu alikuwa hivyohivyo. Sisi tukasema ni pombe." Akanywa maji, akajipangusa uso, akarudi kukaa.

Habari zikamfikia Fundi Saa kupitia wateja wake. Siku moja, jicho moja likiwa bado kwenye lenzi, akasema, "Huo mchezo wenu wa askari, unasemaje?"

"Ni mchezo tu, kaka."

"Basi niwekee kiti."

Mama Tiketi alihangaika wiki nzima. Alimwendea mwongozaji, kijana mwenye ndevu na haraka nyingi, akamsihi mfuniko uwekwe chini polepole, mara moja tu.

"Mama yangu, mchezo wote umekaa juu ya mfuniko huo," mwongozaji akajibu. "Ukiuondoa, nimebaki na watu wanakula."

Basi Jumamosi hiyo akamkalisha kaka yake safu ya mwisho, mgongo ukutani, karibu na mlango, akamnong'oneza: "Kuna mfuniko utaanguka. Mke akisema chakula tayari, ujue ndio huo."

"Ahsante kwa kuniambia."

Mfuniko ukaanguka. Vidole vya Fundi Saa vilikamata kiti, vikaachia. Wachache wakacheka, fundi cherehani akiwa mmoja wao, maana alikuja tena na rafiki zake ili nao wacheke.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho, askari anapomsimulia mkewe yote aliyoyaona. Hapo watu hulia. Vitambaa vilitoka mifukoni, pua zikavutwa. Na katikati ya kilio kile, safu ya mwisho, mtu mmoja akacheka. Mwanamke wa mbele akageuka na macho ya kuua. Mama Tiketi alitamani ardhi ipasuke. Aliyecheka alikuwa Fundi Saa.

"Kaka, ulicheka nini?" alimuuliza walipobaki peke yao.

"Yule kijana kaongea robo saa nzima bila kumeza mate! Mimi ningekuwa na maneno hayo, si ningeshapona zamani?" Akatikisa kichwa. Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Lakini yule mke, alipofunga mlango, aliuzuia kwa kiganja usigonge. Nani kamfundisha?"

"Yule mwigizaji aliniuliza watu wa nyumbani hufanyaje. Nikamwonyesha."

Fundi Saa alitazama viatu vyake. "Nilikuwa najua, mdogo wangu. Vile vitambaa. Watoto na vikohozi vyao. Kila siku nilikuwa najua, ila sikujua pa kuanzia."

Mama Tiketi akajifanya anaokota vipande vya tiketi sakafuni, ambavyo alikwisha kuviokota.

Kabla ya kuondoka, Fundi Saa aliomba kumwona yule mwigizaji wa askari. Kijana akaja, bado ana rangi usoni. "Umecheza vizuri," Fundi Saa akamwambia. "Ila ukiingia chumbani usianze kutazama watu. Tazama milango. Uhesabu. Ndipo ukae."

Jumamosi iliyofuata kijana akafanya hivyo. Aliingia, macho yakaenda mlangoni, dirishani, mlangoni tena, ndipo akavuta kiti. Mfuniko ulipoanguka, hakuna aliyecheka. Mama Tiketi, aliyekuwa mlangoni na masikio yake, hakusikia hata kiti kulia. Mchezo ulipoisha watu waliziba njia nje, kila mmoja ana mjomba wake wa kusimulia. Fundi cherehani alikuwa akimweleza mtu asiyemjua habari za shemeji yake, kofia mkononi.

Mchezo ulidumu Jumamosi tisa, na Fundi Saa hakukosa hata moja kati ya zilizobaki. Siku hizi Mama Tiketi akiulizwa habari za ukumbi, hasimulii sana michezo. Husimulia njia ya kurudi nyumbani, jua bado liko juu, kaka yake akitembea upande wa ukutani na kuanza kusema kidogo kidogo. Hakusema habari za risasi. Alisema habari za mpishi wa kikosi chao, aliyeimba vibaya hata maharage yakakataa kuiva, na siku kikosi kizima kilipomchangia sabuni, iwe hongo ya kumnyamazisha. Fundi Saa aliigiza sauti ile hapo hapo barabarani, mtu mzima na mvi zake, na dada yake akacheka mpaka akashika ukuta.