Fundi wa Ngara anayeihifadhi sauti ya mama yake

Saa mbili asubuhi, Ngara, Kiema Muthama anachomoa waya wa umeme kwenye kinasa sauti cha memori kadi, anauchomeka tena, kisha anatia alama daftarini. Hii ni mara ya mia nne na kumi na mbili. Wenye maduka jirani wameshamwona ana wazimu.

"Wacha wacheke," anasema. "Stima ya kwetu Kangemi ikipotea haiulizi mtu."

Kiema, 31, hula kwa kutengeneza redio na kompyuta. Lakini kinachomnyima raha mwaka huu wa 2007 ni mpango mpya anaoubuni wa kupanga faili ndani ya memori kadi. Katika mpango wa kawaida, anaeleza, orodha ya faili hukaa mahali pamoja, ikifutwa na kuandikwa upya kila mara. Mahali hapo huchakaa upesi. Tena umeme ukikatika orodha ikiwa imefutwa, kadi nzima huonekana tupu.

Alilijua hilo kwa uchungu. Mwezi Machi, mama yake, Kavutha, aliambiwa atafanyiwa upasuaji wa koo ambao utamwacha bila sauti. Kiema akamrekodi nyimbo kumi na nne za Kikamba za kubembeleza watoto. Stima ikapotea, nazo zikapotea zote.

"Nililia, sikufichi. Sauti ya mum, na mimi ndio nimeipoteza."

Kavutha hakumlaumu. "Nilimwambia, tengeneza hiyo kitu yako vizuri, nitaimba tena," anasema kwa sauti inayokwaruza. Upasuaji ni Jumatatu.

Katika mpango wa Kiema, jipya huandikwa mahali papya, na la zamani haliguswi hadi jipya likamilike. Kila kipande hubeba jina la faili na namba yake, kwa hiyo kadi ikiwashwa hujikusanya yenyewe.

Adhuhuri mama yake anaketi kando ya kinasa sauti na kuimba. Katikati ya wimbo wa tano anaunyooshea waya kidole.

"Chomoa."

"Mum, hapana. Hii si ya kujaribu."

"Chomoa, Kiema. Nataka nione ikifanya kazi, nikusifu nikiwa bado na sauti."

Anachomoa. Akiwasha, nyimbo nne zipo, na nusu ya tano pia, hadi neno la mwisho alilotamka.

"Umefanya vizuri, kijana yangu," anasema Kavutha, na Kiema anageuza uso ukutani.

Anapanga kuikamilisha kazi hiyo na kuwapa mafundi wenzake bure. Kabla ya hapo kuna jambo la Agosti: mkewe, Syokau, anatarajia kujifungua mjukuu wa kwanza wa Kavutha.

"Huyo mtoto," anasema Kiema, "atabembelezwa na susu, nyanya yake mwenyewe."