Paka Asiyetajiwa Kwao

Nilikuwa bado mtoto wa kuchezea udongo baba alipotuhamisha Gongo la Mboto, tulikokuwa tumepanga, akatupeleka Chanika kwenye pagale letu wenyewe. Kuta zilikuwepo, bati lilikuwepo, mlango wa mbele ulikuwa pazia la gunia. Panya ndio waliotupokea. Walitoboa mifuko ya unga, wakatafuna hadi ndala zangu, na mama, ambaye tangu mwanzo hakutaka kuhama, akazidi kununa.

Bibi, mama yake baba, akaagiza paka kutoka kwa mwenye nyumba wetu wa zamani. Akaletwa ndani ya gunia ili asiione njia. Bibi akamzungusha kwenye mafiga, akampaka mafuta ya nazi miguuni, kisha akatugeukia sisi.

"Mpaka azoee, marufuku mtu kutaja kwao mbele yake. Akisikia tu, anaondoka. Umenisikia, mke mwenzangu?"

Mke mwenziwe ndiye mimi, mjukuu. Nikasema nimesikia. Kumbe nimejitwisha mzigo! Kila kitu changu kilikuwa Gongo la Mboto: shoga zangu, shule yangu, mama mdogo aliyekuwa akinisuka. Nilikuwa nikianza kusema jambo, nalikatisha katikati. Paka naye hakutulia. Alizunguka kutani akilia, nami nyuma yake na kichwa cha dagaa, nikimbembeleza ale.

Jioni moja tunakula, panya akapita juu ya mguu wa mama. Paka alimtazama tu, kama mgeni asiyetaka kuingilia ya watu. Mama akasukuma sahani.

"Baba Zawadi, mie nimechoka. Narudi zangu Gongo la Mboto."

Tonge likabaki mkononi mwangu. Paka alikuwa pale pale ubavuni mwa mama, masikio yamesimama. Bibi alimtazama mkwewe, akamtazama paka.

Asubuhi paka hayupo. Niliogopa, tena si kwa ajili ya paka. Akili yangu ya kitoto iliona wazi kabisa: jina limetajwa, mmoja ameshaondoka, na aliyelitaja anafuata. Nilipomwona mama anajifunga kanga ya pili, nikamshika nguo.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kumtafuta huyo mshenzi wako. Baki na bibi."

Sikumwamini. Nilikaa mlangoni kutwa, chai sitaki, ugali sitaki. Kila kanga iliyopita mbali kwenye mihogo nilidhani ni yake. Bibi aliniita mpaka akachoka, nikajifanya kiziwi.

Jua lilikuwa limeshapoa mama aliporudi, miguu vumbi tupu, hana paka. Mkononi alikuwa na fungu la kisamvu.

"Kanipa Mama Rehema wa kule bondeni," akasema, kama mtu anayemtaja kila siku. "Kumbe naye mtu wa Lindi, kama mie. Kanikalisha huyo, maneno hayaishi."

"Na paka?" bibi akauliza.

"Sijamwona. Kesho nitapita upande wa kisimani, huko sijafika."

Kesho! Niliangua kilio pale pale mlangoni. Mama akanipangusa machozi kwa kanga yake, akidhani namlilia paka.

Paka hatukumwona tena. Bibi mpaka leo anashikilia kwamba alirudi kwao, na mimi simbishii, ingawa kwa miguu ya paka ni mbali mno. Nikienda Chanika siku hizi na kutoka na mama kwenda dukani, safari haiishi, kila nyumba inamwita. Baadaye tulifuga paka wengine, waliokaa na kukamata panya kama inavyotakiwa. Lakini nampenda zaidi yule aliyeondoka, maana angekaa, mama asingetoka kwenda kubisha hodi kwa watu.