Kirundi changu cha kubahatisha kiling'oa bustani yangu yote hapa Gitega, na bado nikashinda

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na wengine wote mambo vipi.

Huu uzi sitautia chumvi. Palipo na aibu yangu nitaiweka kama ilivyo, na aibu ipo ya kutosha.

Naandika kutoka Gitega, Burundi, mtaa wa Yoba. Kazi yangu ni fundi cherehani. Nimezaliwa na kukulia Kigoma, wazazi walikimbilia huko, nikarudi huku nikiwa mtu mzima na ndevu zangu. Kwa hiyo Kiswahili ninacho, Kirundi nakibahatisha.

Hilo la Kirundi ndilo lililoniponza.

Nyuma ya nyumba tunayoishi kuna kauwanja, hatua sita kwa hatua nane. Nyumba si yangu. Ni ya mama mkwe wangu, huku tunamwita mabukwe, yeye mwenyewe anaishi Buhinyuza, mkoa wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Alitupa tuishi tulipooana mimi na binti yake Jeanine.

Sasa shemeji yangu Désiré, mdogo wake Jeanine, akakitolea macho kile kiuwanja. Anataka kujenga annexe, yaani chumba cha nyuma cha kupangisha. Mimi nataka bustani. Kesi ikapelekwa Buhinyuza kwa mwenye mali.

Mabukwe alituita wote wawili akasema: "Mi sina neno na bustani. Lakini siku ya ubatizo ya mtoto wenu Bella, mwezi wa munane, nitakuja niangalie na macho yangu. Kama iko inalisha watu, ibaki. Kama iko majani tu, Désiré ajenge."

Désiré akacheka. Mimi nikasema "sawa mama" kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya.

Wakuu, niwaambie ukweli kwa nini nilikikomalia kile kiuwanja kidogo vile. Baba yangu alilima maisha yake yote kwenye ardhi ya watu. Shamba likikubali tu, mwenyewe anakuja kulitaka. Tulihama mahindi yakiwa yamebeba, tukahama mihogo ikiwa ardhini. Nimefika umri huu sijawahi kukaa mahali nikapanda kitu, nikakila, halafu nikapanda tena palepale. Wenzangu wanaota magari, mimi nilikuwa naota hiyo.

Basi nikaanza katikati ya mwezi wa nne. Nikapanda nini? Bamia na mchicha. Kama niko Kigoma!

Wanaoijua Gitega washaanza kucheka. Huku ni juu, na kuanzia mwezi wa tano baridi yake si ya mchezo. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Bamia zangu zilitoa majani mawili mawili zikagoma. Zikakaa hivyo wiki tatu, si kufa si kukua, rangi ya njano. Jeanine akawa anapita anasema "baba Bella, hizo ni bamia au ni maombi?"

Nikaenda kuomba ushauri kwa Mama Zuleikha. Huyu ni mama wa Kihindi, Muislamu, ana duka la vitambaa ninakonunua vitenge na bitana. Amezaliwa hapahapa Gitega, na nyuma ya duka lake ana makopo ya maua mpaka basi. Akaniangalia kwa huruma.

"We fundi, hapa siyo Kigoma. Panda shu, panda sukuma, panda letisi, seleri, giligilani. Nyanya kidogo, uifunike jioni. Na usisahau maua. Ua ni askari ya mboga, wadudu haipendi harufu yake."

Shu ni kabichi, huku wote wanaiita hivyo. Akanipa mbegu za giligilani zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na mbegu za yale maua ya rangi ya machungwa yenye harufu kali, bure. Nikang'oa bamia na mchicha. Nikaweka kitalu upya: shu, sukuma, seleri, letisi na nyanya. Pembeni kuzunguka nikamwaga maua.

Wiki nne zikaisha, miche ikawa na afya ila mifupi mno. Kile kiuwanja kina kona ya chini kule ukutani mwa jirani, jua linafika saa nne na saa nane limeshaondoka. Kitalu changu chote kilikuwa kwenye hiyo kona, kwa sababu ndipo udongo ulipokuwa laini. Uvivu wa kuchimba, wakuu. Nakiri.

Katikati ya mwezi wa sita ikabidi tuende Buhinyuza. Ni msimu wa kuvuna maharage, na mkwe mwenye akili haonekani siku ya sherehe tu. Wiki mbili. Nani atamwagilia?

Jirani yetu ni Mama Goreth, mama mtu mzima, kwao Bugendana vijijini, mkulima wa damu. Kiswahili chake ni kidogo, Kirundi changu ndiyo hivyo. Ningeweza kumsubiri Jeanine atoke sokoni amwelekeze. Lakini mimi nikataka kuonyesha kwamba na mimi ni Mrundi bwana.

Hapa naomba mtulie kidogo, maana ndipo kisa kilipo.

Kiswahili tunasema kukua. Kirundi ni gukura. Nikajiambia, aah, kumbe ni kuongeza r tu! Kwa hiyo "uzikuze" itakuwa "uzikure". Nikasimama mbele ya miche, nikainyooshea kidole, nikamwambia Mama Goreth kwa kujiamini kabisa:

"Izo mboga, uzikure neza."

Mama Goreth akaniangalia. Akaiangalia miche. Akauliza, "Zose?"

Zote? "Ego, zose!" Ndiyo, zote! Nikampigia na makofi ya shukrani.

Tukaondoka.

Buhinyuza nilivuna maharage mpaka mgongo ukalia. Siku ya tisa jioni tumekaa tunapura, mabukwe akauliza habari za bustani. Nikajibu kwa maringo: nimemwachia Mama Goreth, nimemwambia mwenyewe, kwa Kirundi, uzikure neza zose.

Jeanine akaweka fimbo ya kupuria chini. Mabukwe akasema taratibu, "Mukwe. Ulisema uzi-ku-re?"

"Ndiyo mama."

Wakuu, gukura ya Kirundi iko ya aina mbili. Moja ni kukua. Nyingine ni kuondoa, kutoa, kung'oa. Na ukimwambia mtu "uzikure" anasikia ile ya pili tu. Nilimwambia yule mama ang'oe mboga zangu. Zote. Vizuri.

Na sasa sikilizeni linaloniuma mpaka leo. Kukuza kwa Kirundi ni gukuza. Vilevile kama sisi! Ningesema Kiswahili changu cha Kigoma, "uzikuze", ningepatia. Ujuaji wa herufi moja.

Mabukwe alicheka mpaka akashika mbavu. Jeanine naye akaanza kucheka, halafu akaniona uso akaacha. Mama Goreth hana simu. Mabukwe alipomaliza kujifuta machozi akasema tu, "Bon. Ubatizo haijahama. Nitakuja."

Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikakaa kitandani, na sioni aibu kusema nililia. Nilimwona baba yangu waziwazi. Tofauti ni kwamba yeye walimng'olea watu, mimi nimejing'olea kwa mdomo wangu.

Asubuhi nikawahi gari la kwanza.

Nimefika Yoba mchana. Naingia nyuma ya nyumba: kona yangu haina hata mche mmoja. Imelimwa upya, imepigwa mistari, na kwenye mistari kuna vitu vinachungulia udongo. Maua ya Mama Zuleikha yapo pembeni kama yalivyokuwa, maana nilisema mboga, sikusema maua.

Mama Goreth akatokea anatabasamu. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Chini ya paa la jiko, kwenye magunia yaliyolowa, miche yangu ilikuwa imepangwa safu. Kila mche na udongo wake, umefungwa kwa ganda la mgomba.

"Si we ulisema uzitoe neza? Mi nikatoa neza. Hakuna hata moja ilikatika muzizi. Mi nikasema, utatuma mutu kuzichukua, mabukwe apate zawadi."

Nikamuuliza, na kule kwenye kona umepanda nini?

"Ubwishaza." Njegere. "Udongo ya kulimwa haibaki mutupu. Na pale iko baridi, ubwishaza inapenda baridi. We ulikuwa unatesa nyanya bure."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Ni neno "neza" lililoniokoa. Angekuwa mtu wa kulipua kazi, ningekuta majani makavu kwenye jaa.

Sasa miche iende wapi? Kona imeshachukuliwa na njegere. Mahali palipobaki ni kando ya ukuta wa jiko, ambapo mimi nilipadharau kwa sababu pana changarawe. Lakini ukuta ule ni wa tofali za kuchoma, unapigwa na jua kuanzia saa tano mpaka jioni, na ndani Jeanine anapika. Jioni ukiweka kiganja unakuta una joto.

Siku mbili nilichimba. Nikaleta udongo na samadi, nikajaza makarai mabovu, madebe, magunia ya mchele. Cherehani ikapumzika. Tukapanda mimi na Mama Goreth bega kwa bega: nyanya zimeegemea ukuta, sukuma mbele yake, shu, halafu letisi na seleri kwenye makarai. Giligilani nikaimwaga popote palipobaki nafasi. Kila jioni nafunika nyanya na magunia, asubuhi jua likitoka nafunua. Fundi cherehani nikawa nazishonea nyanya nguo! Majirani walinicheka wakachoka.

Na zikakubali.

Sijui nieleze vipi. Ile miche iliyokaa mwezi mzima imedumaa, ndani ya wiki tatu sukuma ilikuwa na majani mapana kuliko kiganja changu. Kule kwenye kona njegere zikapanda kwenye vijiti, zikatoa maua meupe, na pembeni yake yale ya machungwa yamefunguka yote. Nilikuwa naamka naenda kuangalia kabla ya kunawa uso. Jeanine akasema nimeoa mke wa pili.

Ikafika wiki ya ubatizo, mabukwe akaja. Na Désiré akaja, na fundi ujenzi wake, na futi kamba mkononi. Hajaficha hata kidogo.

Mabukwe akaingia nyuma peke yake. Akatembea ukuta mzima. Akavunja jani la sukuma akalisikia linavyolia. Akaenda kwenye njegere, akapasua moja, akatia punje mdomoni. Halafu akauliza bila kunitazama:

"Ubwishaza hii nani alipanda?"

Wakuu, ningeweza kusema mimi. Mama Goreth hakuwepo. Désiré alikuwa amesimama pale na futi yake, ananisubiri.

Nikasema, "Mama Goreth, mama. Mimi hapo nilipanda nyanya, zingekufa. Hata huko ukutani ni kwa sababu ya kosa langu, si akili yangu. Cha kwangu ni kumwagilia na kufunika."

Mabukwe akaomba kisu na beseni.

Kesho yake watu wa ubatizo walikula njegere na sukuma na kachumbari ya nyanya za ukutani, zilizoiva zilikuwa chache tukaongezea za sokoni, siwadanganyi. Letisi iliisha ya kwanza. Mama Zuleikha alikuja na pilau lake, akaangalia mezani akaona maua yake kwenye glasi mbele ya mtoto, akanipiga kofi la bega. Mama Goreth alikaa kiti cha mbele karibu na mabukwe.

Watu walipoanza kuondoka, Désiré akamfuata mama yake. "Mama, sasa fundi apime?"

Mabukwe akamwambia, "Apime nini? Utajenga juu ya chakula ya watu? Rudisha hiyo futi."

Halafu akaniita mimi. Nikaenda nikainama kidogo kama tunavyofanya kwa wakwe. Alikuwa anaangalia kona, njegere zilizobaki.

"Mukwe, mwezi wa kenda mvua inarudi. Hapa utapanda nini?"

Ni swali la kawaida tu, wakuu. Wakulima wanaulizana kila siku. Lakini mimi sijawahi kuulizwa, na baba yangu hakuwahi kuulizwa mpaka anaingia kaburini. Msimu ujao utapanda nini hapa. Hapahapa. Nikabaki nafuta macho kwa mkono wa shati nililolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Mabukwe akajifanya hajaona.

Nilichojifunza: kama lugha hujui, muite anayejua, usijitungie. Na kabla ya kulaumu baridi, tembea uwanja wako wote ujue jua linakaa wapi. Mtu wa kijijini akikwambia mmea huu unapenda baridi, funga mdomo umpe jembe.

Nyie wa Njombe, Mbeya, Lushoto, Bukavu na sehemu zote za makoti, shusheni uzoefu hapa chini. Na wenye Kirundi cha kunicheka, ruksa, nimeshazoea.

Ila nisaidieni kwanza na hili. Mvua ziko karibu, kona ile njegere zimeisha, na mama mkwe bado hajapata jibu lake.