Pilau Niliyoificha Ghalani

Wenzangu, msinionee huruma. Hata leo natembea kifua mbele. Biashara huria iliporuhusiwa na kompyuta zikaanza kuingia Tanga, mwandishi wa programu hapa mtaani Usagara nilikuwa mimi, na wa pili sikumwona.

Mkuu wangu, Bi Mwanaidi, alinitengea ghala ndani ya kompyuta la kuhifadhia kila toleo la kazi yetu.

"Humo weka maandishi uliyoyaandika mwenyewe," aliniasa. "Programu iliyokwisha kupikwa na mashine, ambayo binadamu hawezi kuisoma tena, usiiweke. Ukitunza mapishi, pilau utaipika tena."

Nikacheka moyoni. Mpishi hodari hatoi mapishi, anapakua! Nikajaza ghala pilau tupu, toleo baada ya toleo, mapishi nikayafuta.

Siku moja akaja mteja wetu mkubwa, Mzee Hamadi, mfanyabiashara wa karafuu kutoka Pemba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka kuona mlichobadilisha kwenye programu yangu tangu mwezi jana."

"Hilo dogo!" nikajibu kwa sauti, ofisi nzima inisikie. Nikaamuru toleo jipya lichapwe. Printa ikalia kengele, ikatema karatasi moja, mbili, kumi: mioyo, nyota, mistari iliyopindana, herufi zisizosomeka. Nikabonyeza kila kitufe, haikukoma. Bi Mwanaidi akafumba macho.

Mzee Hamadi akaokota karatasi moja, akavaa miwani, akaigeuza juu chini kwa heshima zote.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "hirizi hii niivae shingoni, au niitie maji ninywe?"