Karibu Ukurasa wa Tisa

Karani wa kikundi cha wakulima wa kahawa, kule Kimwani, hulamba kidole kabla ya kugusa kipanya, kana kwamba kompyuta nayo ni daftari lenye kurasa zilizogandana. Husogeza kiti, hukohoa kidogo, ndipo abonyeze, tena kwa adabu. Wiki tatu amekuwa akijenga tovuti ya kikundi, na kwa kuwa programu yenyewe huongeza ukurasa kwa kubonyeza mara moja tu, yeye ameongeza. Ukurasa wa kwanza unasema karibu. Wa pili unauliza habari za safari, wa tatu habari za nyumbani. Wa nne ni picha ya akamwani, kahawa ya kumtafunisha mgeni, na picha yenyewe ni nzito kiasi kwamba hufunguka polepole, toka juu kwenda chini, kama pazia linaloshushwa na mtu anayesinzia.

"Namba ya simu iko wapi?" aliuliza mwenyekiti, Mama Kokubanza, ambaye ghalani kwake magunia arobaini yalikuwa hayajapata mnunuzi.

"Ukurasa wa tisa, Mama. Mgeni hajakaa, tumwanzie biashara?"

Jumanne mnunuzi alishuka kwenye gari kutoka Bukoba, uso ameukunja. Alikuwa ameitafuta namba kwenye tovuti mpaka kifurushi cha intaneti kikaisha, akaona afadhali aje mwenyewe. Kabla hajafoka, karani alishamtilia akamwani kiganjani, na mtu hafoki huku anatafuna cha mwenyeji.

Karani akamgeukia Mama Kokubanza, macho yanang'aa.

"Umeona, Mama? Tovuti imeshaleta mtu."